Kinu Kisichogonganisha Michi

Roketi ilipaa kwa pigo la kwanza. Bi Saumu alishusha mchi ndani ya kinu kitupu, tu! na juu ya vichwa vya watu, kwenye kioo cha hewa ambamo mkono hupita bila kugusa kitu, chombo cha rangi ya ndizi mbivu kikaruka kutoka ardhini. Bi Zawena, aliyesimama mkabala naye, akashusha wa kwake, tu! kikapanda tena. Michi miwili, kinu kimoja, huu ukipanda ule ukishuka, na ukumbi mzima wa Barabara ya Ishirini jijini Tanga ukawa unafuatisha kwa makofi.

"Mwezi huo hapo!" Mzee Kihiyo alipiga kelele kutoka benchi la nyuma. "Twangeni basi! Au mnamtwangia mgonjwa asiye na meno?"

"Nyamaza, mtani," Bi Saumu akamjibu bila kugeuka. "Kama ni wasio na meno, wa kwanza kuhudumiwa ni wewe."

Watu wakaangua kicheko. Roketi ikatua mwezini.

Kinu chenyewe kilikuwa kishikio, yaani chombo cha kuendeshea mchezo. Chini kilitandikwa ngozi hisishi, iliyopima uzito wa kila pigo na wakati wake. Zama hizo karibu kila mtu alicheza kwa kisomafikra, utepe mwembamba wa kuvaa kipajini: ukiwaza kushoto, kitu kinakwenda kushoto. Mtu aliweza kupigana vita thelathini bila kujigeuza kwenye mkeka.

Bi Zawena hakuuweza upuuzi huo. Miaka thelathini alikuwa fundi wa mikono ya roboti za bandarini, na mkono aliuheshimu. "Mchezo gani huo, mtu kalala kama maiti anayesubiri kuoshwa?" alisema siku aliyostaafu, akafungua ukumbi wake. Humo mlikuwa na ungo: ulipepeta ili chombo kipenye katikati ya vimondo. Mlikuwa na kikombe cha kahawa ya moto: ulipuliza ili kusukuma mawingu, na ukizidisha pumzi, kanzu yako ndiyo ililipia. Lakini kilichojaza watu hadi mlangoni kilikuwa kiti cha Kutocheka. Puto lako lilielea kwa muda wote ambao uso wako haukutabasamu, na wapinzani waliruhusiwa kukwambia lolote. Kwenye kiti hicho siri za mtaa mzima zilitoka, na ndoa mbili ziliponea chupuchupu.

Kitu kimoja Bi Zawena hakumwambia mtu. Ndani ya kila kishikio alitia programu ndogo aliyoiita upole. Ilijifunza mkono wa mchezaji na kumsitiri. Mchi ukichelewa kwa kupepesa jicho, ulihesabiwa umewahi. Michi miwili ikitaka kugongana, sumaku zilizofichwa ukingoni ziliisogeza, kidogo tu, kila mmoja kwake. Aliiandika wiki ya kwanza, baada ya mgeni mmoja kushindwa mara saba na kuondoka ameinamisha uso. Kwa Bi Zawena, hiyo ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Mama yake alikuwa akificha kipande cha nyama chini ya wali wa mgeni, ili akikute mwenyewe, asionekane amekitamani.

Jumamosi ilikuwa siku ya fainali ya kutwanga, yeye na Bi Saumu dhidi ya wanawake wawili wa Pangani. Alhamisi mchana, ukumbi ukiwa mtupu, Bi Zawena alikifungua kinu akifanyie usafi. Akakuta sumaku za upande mmoja zimeungua, nyeusi kama mkaa. Sumaku za kudumu miaka kumi! Za upande wake mwenyewe zilikuwa zinang'aa.

"Kinu," akauliza, "umemsaidia nani hivi hadi ukaungua?"

"Bi Saumu Semboja," kinu kikajibu kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. "Mwezi wa kwanza, marekebisho manne kwa kila mchezo. Mwezi huu, mia mbili na kumi. Mkono wa kulia hutetemeka kabla ya kushuka."

"Mwezi wa kwanza hadi leo ni miezi minane! Mbona hukuniambia?"

"Uliagiza nisimwaibishe mgeni."

Bi Zawena akaketi sakafuni. Miezi minane ametwanga uso kwa uso na yule mwanamke, wamechambua kila harusi na kila talaka ya mjini, na mkono wa shoga yake hakuujua.

Angeweza kunyamaza mpaka fainali ipite. Badala yake alikwenda uani, akakitoa kinu cha marehemu mama yake, kinu cha mti, ambacho siku hizi kilizuia mlango usibamizwe na upepo. Akakiosha, akatia kisamvu, akamwita Saumu.

"Makubwa!" Saumu alisema alipoona. "Roboti yako ya jikoni imefariki?"

"Shika mchi, shoga."

Wakaanza. Tu, tu, tu. Pigo la nne, ko! Mti kwa mti.

"Umezeeka, Zawena! Unanigonga."

Tu, tu, ko! Saumu akacheka. Ko! Hakucheka tena. Akauegemeza mchi ukutani, akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mpangaji asiyemfahamu.

"Nyumbani chai inanimwagikia," alisema polepole. "Nikasema ni vikombe hivi vipya. Vifungo vinanishinda, nikasema ni gauni. Halafu nikija hapa nashinda! Nikajiambia, basi, mkono mzima."

Hapo Bi Zawena akamweleza habari ya upole, yote, bila kujisitiri. Saumu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinificha hali yangu mimi mwenyewe," akasema. Akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wajuane.

Lakini Ijumaa asubuhi ndiye aliyebisha hodi. "Nisindikize kwa daktari. Sitaki kuyasikia majibu peke yangu."

Daktari aliwaambia ni mishipa ya fahamu. Dawa ilikuwepo, na ingeuzuia ugonjwa pale pale ulipofika. Ila kilichokwisha kwenda hakirudi.

"Na tungekuja miezi minane iliyopita?" Bi Zawena akauliza.

Daktari akaanza kupanga vitu vya mezani ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

Jumamosi ukumbi ulifurika, hata madirishani watu, na vinu viwili viliwekwa sambamba, cha wenyeji na cha Pangani. Bi Zawena alikuwa ameufuta upole katika vishikio vyote, na alitaka kuifuta fainali pia. Saumu ndiye aliyekataa. "Nimejitapa mwezi mzima kwa wale wa Pangani. Nishindwe kwa mkono wangu, si kwa barua ya udhuru."

Saumu akashusha mchi. Tu. Zawena akashusha wake, ko! Roketi ikayumba, ukumbi ukaguna, kisha ukanyamaza ule unyamavu wa huruma, mbaya kuliko kuzomewa.

"Mnatwanga au mnabembeleza mtoto?" Mzee Kihiyo akapaza sauti.

"Tunakubembeleza wewe, mtani, ulale utuache!" Saumu akamrudishia, na kicheko kikavunja kile kimya.

Bi Zawena akaunyanyua mchi wake, akautuliza hewani. Safari hii hakuhesabu. Alitazama bega la mwenzake, kiwiko, kile kitetemeko kinachokuja kabla ya pigo kama mgeni anayekohoa kabla ya kupiga hodi. Akakisubiri kipite. Tu, ukasema mchi wa Saumu. Ndipo akashusha wa kwake.

Tu.

Roketi ya Pangani ilikuwa imekwisha kutua mwezini na kupigiwa vigelegele. Yao ilikuwa bado karibu na mapaa ya nyumba, ikipanda taratibu, na watu wa Barabara ya Ishirini walikuwa wanatafuta, kofi moja moja, jinsi ya kuufuata mdundo huo mpya.