Gesi Chini ya Kiti cha Nyuma

Kila asubuhi Ayuma ndiye aliyesafisha teksi ya baba yake. Familia yao iliishi Kaloleni, katika mojawapo ya nyumba za baraza la jiji, na gari lao, Peugeot kuukuu ya rangi ya maziwa, lililala nje ya mlango. Ayuma, msichana wa miaka kumi na miwili, alikung'uta mikeka ya miguuni, akafuta vioo kwa gazeti lililoloweshwa, kisha akanawa na kwenda shule. Baba yake, Javan Opicho, alikunywa chai akiwa amesimama, akaenda kuegesha gari karibu na Soko la Burma, ambako wateja wake wengi walinunua nyama.

Mwaka ule wa 1995 petroli ilizidi kupanda bei, na Javan alirudi nyumbani jioni akiwa amechoka na hana maneno. Siku moja alisoma gazetini kwamba katika nchi nyingine teksi nyingi huendeshwa kwa gesi ya aina ileile ya kupikia, na kwamba gesi hiyo ni nafuu tena haina moshi mwingi. Akaenda Kariobangi kwa fundi wa jua kali, wa karakana ya wazi, aliyeitwa Muturi. Muturi alimweleza wazi kwamba gari la gesi huhitaji tangi lake maalumu lililofungwa imara, pamoja na vifaa vya kuzuia gesi isivuje, na kwamba yeye hakuwa na vitu hivyo. Javan akamwambia atumie alivyo navyo. Muturi alisitasita, lakini kazi zilikuwa haba siku hizo, akakubali.

Mtungi wa jikoni wa Nabwire, mama yake Ayuma, ukalazwa ndani ya buti. Mpira wa jiko la gesi ukapitishwa chini ya kiti cha nyuma na kuungwa na bomba lililokwenda hadi kwenye injini. Nabwire akarudia kupikia makaa. Alilalamika kidogo, kisha akanyamaza, kwa maana mumewe sasa alirudi nyumbani akiwa na furaha. Jirani yao Kilonzo, aliyebeba watoto wa chekechea kwa gari lake, alipoona mambo ya Javan yamenyooka, naye akampelekea Muturi gari lake litengenezwe vilevile.

Haukupita muda mrefu, Ayuma akaanza kusikia harufu alipokuwa akifagia. Ilikuwa kama ya kabichi iliyooza, nayo ilizidi alipoinama karibu na sakafu ya nyuma. Alimwita baba yake. Javan alinusa, akakaza waya uliofunga mpira, akasema gesi hutiwa harufu makusudi na kwamba harufu peke yake haiui mtu.

"Mteja akiuliza, mwambie nilibeba kabichi za kupeleka sokoni," alimwagiza. "Ukitaja gesi hakuna atakayepanda, na hapa nyumbani hatutakula."

Ayuma hakupenda agizo hilo. Lakini lilikuwa limetoka kwa baba yake, naye hakujua mtoto hukataaje.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, Javan alimchukua Ayuma ampeleke kwa fundi cherehani huko Eastleigh akapimwe sare. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Walipofika Burma, Mama Batulo aliwapungia mkono. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa Eastleigh, mteja wa Javan wa siku nyingi, mama mwenye sauti ya chini aliyezoea kumpa Ayuma tende kila walipokutana. Siku hiyo alikuwa na kapu la nyama, pamoja na Roble, mwana wa kaka yake. Waliketi nyuma, na kwa sababu ya baridi vioo vyote vikafungwa.

Walikuwa wamekaribia Pumwani wakati Roble alipotoa sigara na kiberiti. Mama Batulo akamshika mkono.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kuna harufu humu. Ayuma mwanangu, harufu hii ni ya nini?"

Ayuma aliangalia kioo kidogo cha mbele. Humo aliyaona macho ya baba yake yakimtazama.

"Ni kabichi, mama," alijibu. "Baba alizibeba jana."

Mama Batulo aliuachilia mkono wa Roble. Roble akawasha kiberiti.

Hakukuwa na mlipuko mkubwa. Moto ulitambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, wa rangi ya buluu, kisha ukapanda na kushika gauni refu la Mama Batulo. Ayuma alisikia joto kisogoni na ukelele ambao hakuwahi kuusikia kutoka kwa mtu mzima. Javan alifunga breki. Roble alimvuta shangazi yake nje, akamgaragaza kwenye matope na kumpigapiga kwa koti lake. Watu walikuja mbio wakitupa mchanga ndani ya gari. Javan alikimbia nyuma, akafungua buti, akaufunga mtungi huku ndimi za moto zikimla mikono. Kama asingefanya hivyo, huenda barabara nzima ingepata hasara siku hiyo.

Mama Batulo alipelekwa hospitali akiwa ameungua miguu yote miwili hadi juu ya magoti. Javan alifungwa bendeji mikononi. Alasiri, kabla askari hawajafika kulikagua gari, Muturi alikuja kwa agizo la Javan akaung'oa mtungi na mpira, akaondoka navyo. Askari walipokuja, Javan aliwaambia kwamba Roble alikuwa na kopo la petroli kwenye mfuko wake. Askari mmoja alimgeukia Ayuma, akamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Ayuma aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo Roble alichukuliwa kutoka hospitalini, alikokuwa amekaa na shangazi yake, akawekwa rumande.

Kilonzo alipokuja kuwapa pole, Javan alimwambia pia kwamba mtungi aliutoa garini tangu Ijumaa, kwa hiyo gesi haikuhusika hata kidogo. Kilonzo alishusha pumzi. Alisema alikuwa ameanza kuliogopa gari lake mwenyewe.

Ayuma hakula chakula cha jioni. Mama yake alidhani ni mshtuko.

Jumatatu asubuhi alitoka nje na mkoba wake wa shule. Mbele ya nyumba ya Kilonzo, watoto wa chekechea walikuwa wakipanda gari, mmoja baada ya mwingine. Triza, binti mdogo wa Kilonzo, alikuwa ameketi tayari, miguu yake ikining'inia bila kugusa sakafu. Alimpungia Ayuma mkono, Ayuma akaenda kumwamkia. Alipoinamisha kichwa mlangoni, aliisikia harufu ileile.

"Baba Triza," alisema, "gari lako linanuka gesi."

Kilonzo alikuwa akihesabu watoto. Alimjibu kwamba ni kawaida, hata Muturi alimwambia hivyo, na kwamba wamechelewa. Akaketi kwenye usukani, akaushika ufunguo.

Ayuma alisimama mbele ya gari. "Roble hakuwa na petroli," alisema. "Mtungi ulikuwa kwenye buti, na mpira ulikuwa unavuja. Mama Batulo aliniuliza harufu ni ya nini, nikamdanganya. Tafadhali watoe watoto, Baba Triza. Usiwashe gari."

Kilonzo alimtazama kwa muda, mkono ukiwa bado kwenye ufunguo. Kisha akautoa polepole, akashuka. Yeye na Ayuma waliwabeba watoto hadi upande wa pili wa njia, wakafungua milango yote, na Kilonzo akaufunga mtungi. Harufu ilipoisha, alileta povu la sabuni kwenye sufuria, akaufungua mtungi kidogo tu na kuupaka mpira povu lile. Pale mpira ulipopita chini ya kiti, povu likaanza kutoa mapovu makubwa, moja juu ya lingine, bila kukoma. Kilonzo aliufunga tena mtungi, akaketi chini kwenye changarawe na kumpakata Triza.

Ayuma alirudi nyumbani badala ya kwenda shule. Alimkuta baba yake kitandani, mikono yake iliyofungwa ikiwa juu ya mto, na mama yake akimnywesha uji. Aliwaeleza yote, kuanzia kabichi hadi povu la sabuni. Javan aligeuza uso akatazama ukuta.

"Unajua watanifanya nini?" aliuliza.

"Najua, baba," alijibu Ayuma huku akilia. "Lakini gari la Baba Triza lilikuwa limejaa watoto."

Nabwire alikiweka kikombe chini. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kijana wa watu alikuwa amelala sakafuni rumande siku mbili kwa kosa ambalo si lake, na kwamba yeye atakwenda kituoni hata kama mumewe hataki. Akavaa kitambaa cha kichwa. Kabla hajafika mlangoni, Javan aliinuka, akamwomba amsaidie kuvaa koti, kwa kuwa mikono yake haikuweza.

Roble aliachiliwa siku hiyohiyo. Muturi naye aliitwa kituoni, akaja na mtungi ule pamoja na mpira uliokauka na kupasuka. Afisa wa zimamoto aliyeukagua aliwaeleza kwamba gesi si adui, na gari linaweza kuitumia vizuri likiwa na tangi na mabomba yaliyotengenezewa kazi hiyo. Mtungi wa jikoni hautakiwi kulazwa, wala mpira wa jiko haustahimili joto na mtikisiko wa gari. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja hukaa chini, miguuni pa watu. Ukiisikia harufu yake, usiwashe moto wala swichi yoyote. Fungua milango, ufunge mtungi ikiwa unaweza, utoke nje.

Javan alishtakiwa. Alifungwa miezi kadhaa na kunyang'anywa leseni ya udereva. Peugeot iliuzwa kama chuma chakavu. Nabwire alianza kufua nguo za watu katika mitaa ya jirani, na wapo majirani walioacha kumsalimia Ayuma, wakisema mtoto aliyemfungisha baba yake hafai. Kilonzo hakuwa miongoni mwao. Alirudisha gari lake kwenye petroli, na asubuhi nyingi alisimama mlangoni pao kuwajulia hali.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Nabwire alimpeleka Ayuma hospitalini. Mama Batulo alikuwa ameketi kitandani, ngozi ya miguu yake imejikunja na kung'aa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba atatembea, lakini kwa mkongojo, na duka lake lilikuwa limefungwa. Ayuma alikuwa amejitayarishia maneno mengi. Alipomwona hakuweza kuyasema, ila moja tu: kwamba anaomba msamaha.

Mama Batulo aliitazama miguu yake.

"Siwezi kusema nimekusamehe," alisema. "Usiku miguu inaniuma, na nikikusamehe mdomoni tu nitakuwa nami nimedanganya. Lakini unajua kwa nini sikumwuliza baba yako siku ile? Nilijua yeye ana biashara ya kulinda. Nilikuuliza wewe kwa sababu niliamini mtoto hatanidanganya."

Ayuma aliinamisha kichwa.

"Niangalie," alisema Mama Batulo. "Roble ameniambia habari za wale watoto wa chekechea. Hao wako kwao, wazima, kwa sababu ulisema. Kwa hiyo ukweli ulikuwa nao siku zote mbili. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza uliufungia ndani. Mheshimu baba yako na umtii. Lakini mtu mzima akikuagiza kuficha jambo linaloweza kumuumiza mtu, usimtii. Nenda kwa mtu mzima mwingine useme, hata kama unatetemeka. Ukweli unaosemwa mapema huuma. Ukicheleweshwa, huuma watu wengi zaidi."

Muuguzi alifika kumfanyisha mazoezi ya kutembea. Mama Batulo alishusha miguu yake kitandani, uso ukiwa umekunjamana kwa maumivu. Nabwire alimshika upande mmoja. Upande wa pili Ayuma alisogea, akasita, akiogopa kumgusa.

"Shika," alisema Mama Batulo. "Shika vizuri, nisianguke."

Ayuma akamshika, na wote watatu wakaanza kutembea polepole kuelekea mlangoni.