Mgeni wa Saa Nane Mchana

Midomo ya Ysapy ilinata asali, na nyumba ile haikuwa na asali. Zunilda alimfuta bintiye kwa ncha ya aproni, akanusa, akajiambia labda jirani kampa peremende. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa na komeo, na mtoto hakuwa ametoka kitandani tangu saa saba.

Katika mji wa Itauguá mchana watu hulala. Joto likipanda hata mbwa hawabweki, na mtoto haruhusiwi kukanyaga uani. Zamani Bibi Deolinda, mama yake Zunilda, aliwabana wanawe kitandani kwa kuwatisha na Jasy Jatere, yule mtoto mwenye nywele za dhahabu na kifimbo mkononi, apigaye mluzi jua la utosi kuwavuta watoto wasiolala, akawalisha asali, kisha akawarudisha kwao mabubu. Zunilda aliuona huo ushamba mtupu. Alikuwa na vitambaa vya ñandutí, lasi inayofumwa kama utando wa buibui, vya kumaliza, nyuzi chungu nzima kwenye fremu, na ni saa zile mbili tu alizopata kupumua. Basi akampa mtoto simu alale nayo. Mama gani mtaani pale hakufanya hivyo?

Mwanzoni kero zilikuwa zile zile za kila nyumba. Ysapy, mwenye miaka sita, alitazama video za watu wazima wakioga kwenye beseni la pipi, wanasesere wakipiga kelele, jitu zima likipasua mayai kichwani mwa babu mmoja. Zunilda alizifuta, akazizuia, akaficha simu ndani ya gunia la mihogo, na bado zikarudi. Aliwalalamikia wenzake hadi wakamchoka.

Kisha mtoto akatulia kwenye video moja tu. Humo kilikuwamo kitoto chenye nywele za dhahabu kikifungua makasha kwa ncha ya fimbo, bila neno, kikipiga mluzi basi.

"Afadhali huyu ana adabu," Zunilda alimwambia mama yake, na wala hakuinua macho kutoka kwenye nyuzi.

Wiki ya kwanza Ysapy aliacha kuuliza maswali. Ya pili akaacha kuimba. Ya tatu akawa akitaka maji anaonyesha kidole. Daktari alimpima masikio na koo, akasema yuko mzima, wampunguzie simu. Zunilda aliizima, akaitia kwenye droo ya cherehani, akafunga kwa ufunguo. Alijilaumu sana siku ile.

Kesho yake mchana, Ysapy akiwa amelala na bibi yake, harufu ya asali ilijaa chumba cha kushonea. Ukafuata mluzi, mwembamba, kutoka ndani ya droo, na Zunilda akasimama na ufunguo mkononi asitake kufungua huku mkono wake ukifungua, akaiona simu aliyoizima mwenyewe ikiwaka, na kwenye kioo si chumba cha makasha bali uani kwake, kamba yake ya nguo, shuka alilolianika asubuhi ile likiwa bado linadondoka maji, na kile kitoto kimechuchumaa chini yake kikichokonoa kasha dogo kwa fimbo, hadi kifuniko kikainuka na ndani ya kasha ikatoka sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Mama, mbona umenifungia?"

Alichungulia dirishani. Uani hapakuwa na mtu. Alikimbilia chumbani, akamkuta Ysapy ameketi kitandani, macho kodo, mdomo umefumbwa.

Alimsimulia mama yake kwa kunong'ona. Bibi Deolinda alimziba mdomo kabla hajalitaja lile jina.

"Hiyo simu ndiyo mlango wake," alisema. "Ivunje leo, jua halijapinda. Akikosa pa kupitia atakiacha alichochukua, na mtoto atasema. Ila chochote utakachosikia, usikijibu. Ukijibu umempa sauti hiyo."

"Na kama akilia?"

"Atalia, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

Waliiweka simu juu ya jiwe la kizingitini. Zunilda aliinua nyundo. Alikuwa na nia kabisa. Ndipo sauti ikaanza kuimba ule wimbo wa kuhesabu vidole aliomfundisha Ysapy, ikakosea palepale alipozoea kukosea mwanawe, ikacheka. Wiki kadhaa Zunilda hakuwa amekisikia kicheko kile. Kisha ikasema polepole, "Mama, hiyo itaniuma."

"Usijibu," bibi alimnong'oneza. "Mtazame mwanao, huyu hapa."

Nyundo ilishuka taratibu hadi chini.

"Niko hapa, mama'ngu," Zunilda aliiambia simu. "Sikupigi."

Bibi Deolinda alijifunika uso kwa mikono yake.

Sasa fremu ya ñandutí imejaa vumbi. Kila mchana Zunilda huketi kizingitini na simu kifuani, akiongea, akicheka, akijibiwa. Ysapy huja akasimama kando yake, akamvuta nguo, akafungua mdomo usiotoa kitu. Mama yake humsogeza kwa upole, bila kumtazama.

"Ngoja kidogo," humwambia. "Naongea na Ysapy."