Matundu ya Pini kwenye Karatasi ya Jirani

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwalimu anayesahihisha mtihani wa lugha wa waombaji uraia aliingia kwa mpelelezi bila hata kubisha hodi.

"Hapa kuna wizi! Huyu mama fundi cherehani, namba kumi na saba, nilimhoji kwa mdomo dakika ishirini, akanichekesha hadi machozi. Leo karatasi yake ina alama thelathini na moja. Haiingii akilini."

Majibu ya mtihani huo yalikuwa alama za vema kwenye visanduku, kwa hiyo hapakuwa na mwandiko wa kulinganisha. Mkuu wa ofisi alikwishakata shauri kwamba fundi alimtuma mtu mwingine kwenye mahojiano. Hii ilikuwa nafasi ya tatu na ya mwisho ya fundi, na kibali chake cha kuishi kilikuwa kinakwisha Ijumaa. Watoto wake watatu walikuwa raia; yeye peke yake ndiye angefungashwa virago.

Saa nne fundi aliketi mbele ya mpelelezi, mwanamke mkavu ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani.

"Mama, ulimtuma mtu akahojiwe badala yako?"

"Nimtume nani, mwanangu? Mdomo kama huu unaazimwa wapi?"

Miwani alijikaza asicheke. "Ulipomaliza kujibu, ulifanya nini?"

"Feni ilikuwa inanipeperushia karatasi, nikazibana kwa pini niliyoichomeka kwenye kola. Kona ya chini, kulia. Msimamizi alipokusanya aliitoa, akanirudishia, akaweka jalada lenye namba yangu, akapiga stepla yake juu."

Kisha akaitwa mlinzi, ambaye ndiye aliyebeba bahasha hadi stoo na ambaye wengi walikwishamnyooshea kidole.

"Nilisaini kuipokea saa sita na dakika arobaini," alisema, kijasho kikimtoka. "Ilikuwa imefungwa."

"Mtihani wa Jumamosi uliisha saa ngapi?"

"Saa sita kamili. Nilimuuliza msimamizi kulikoni, akasema anahesabu."

Karatasi zilikuwa thelathini tu. Miwani akazipanga zote mezani na kuinama juu yake kwa muda mrefu. Zote zilikuwa zimepigwa stepla mara moja, isipokuwa ya kumi na saba na ya kumi na nane. Hizo mbili zilikuwa na matundu ya stepla nyingine iliyong'olewa. Mtu alikuwa amezibadilishia jalada lenye namba. Akaangalia kona za chini. Ya kumi na saba ilikuwa nzima. Ya kumi na nane, yenye alama themanini na nane, ilikuwa na matundu mawili ya pini. Moyo wa Miwani uliruka kwa furaha, naye hakuona haya.

Saa nane mchana aliwakusanya wote kwenye chumba cha mtihani. Namba kumi na nane, aliyehojiwa na mwalimu mwingine, alikuwa muuza vipuri, mpole, mwenye mikono mikubwa. Miwani akamsogezea karatasi.

"Nisomee swali la kwanza tu."

Bwana yule akatumbua macho, halafu akamgeukia msimamizi. "Shemeji... saidia mimi!"

Msimamizi akaketi.

"Amemuoa dada yangu," alisema. "Alishashindwa mara mbili. Angeondolewa, na dada angemfuata pamoja na watoto wao. Nilitafuta karatasi nzuri kuliko zote, nikabadilisha majalada. Sikujua ni ya nani."

"Na ungejua?" aliuliza fundi.

Miwani akamwita mlinzi amtoe msimamizi nje.

Mkuu wa ofisi alianza kuomba radhi kwa sauti ya chini, lakini fundi akamkatiza.

"Baba, asubuhi uliniita mdanganyifu pale ukumbini, watu wote wakisikia. Twende palepale."

Wakaenda. Waombaji waliojaa kwenye viti wakageuka. Mkuu akakohoa, akasoma: "Namba kumi na saba, alama themanini na nane. Amefaulu."

Fundi akainua kidevu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Rudia, tafadhali," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."