Hela Kiunoni, Vidonge Kabini

Injini ilikohoa, ikavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, ikanyamaza. Mashua iliteleza kidogo juu ya maji, kisha upepo ukaikamata ubavuni na kuigeuza. Mzee Manoli, mwenye mashua, alifungua kifuniko cha tangi, akatumbukiza kijiti, akakitoa. Kilikuwa kikavu.

"Anasemaje?" Avelina aliuliza.

"Hajasema kitu," Speciose alijibu. "Kijiti ndicho kimesema."

Hawakucheka. Walikuwa wametoka tu kwenye kivuli cha rasi, mahali ambapo bahari ilitulia kama maji ya beseni, na sasa upepo wa kaskazini uliwapiga bila kizuizi. Kisiwa kilibaki nyuma, nyumba zake nyeupe zimeng'ang'ania miamba. Upande wa pili wa kisiwa hicho meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga, na jioni ingeondoka. Mbele yao hapakuwa na kitu ila Bahari ya Mediterania.

Mzee Manoli aliikimbilia nanga na kuitupa. Mnyororo ukaserereka kwa kelele, ukazidi kuserereka, kwa maana kina cha pale kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani. Alipojaribu kuuzuia ulimpasua kiganja cha kulia toka kidole gumba hadi kwenye kifundo. Alianguka chali kwenye maji yaliyotuama chini ya mashua, simu yake ikiwa mfukoni. Mnyororo ulifika mwisho, ukang'oa ubao uliofungiwa, na vyote vikazama pamoja na nanga.

Speciose alishavua kilemba. Aliuzungushia mkono wa mzee, akakaza mpaka damu ikapungua, akamwinulia mkono juu ya kichwa.

"Shika hivi," alimwambia kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne. "Usishushe."

"Mwulize simu," Avelina alisema.

Mzee aliitoa mfukoni. Ilidondosha maji kama sufuria iliyosuuzwa.

"Na zetu?"

"Zetu ziko kabini. Si ulisema zitakula hela huku ugenini?"

Avelina alifikiri kidogo. "Nilisema," alikubali.

Wanawake hawa walikuwa mawifi. Speciose alizaliwa Nyamigogo, wilayani Biharamulo, akaolewa Nyakisasa, Ngara, na Renatus. Avelina alikuwa dada mkubwa wa Renatus, mwanamke mrefu, mkaidi, mwenye presha. Safari hii ilikuwa ya Renatus. Mwaka wa tisini na nne, kambi ya wakimbizi ya Benaco ilipofurika watu, Renatus alirudi nyumbani jioni moja na mtoto wa kiume mgongoni, asiye na mtu. Mtoto huyo, Niyonsaba, walimlea, akasoma, akaenda mbali, akawa mpishi kwenye meli ya watalii. Kwa miaka mingi alisumbuana na waajiri wake mpaka akapata kabini ya bei nafuu kwa ajili ya wazazi wake. Tiketi ilifika Renatus akiwa mgonjwa kitandani. Walimzika mwezi wa pili, na Niyonsaba akaomba jina libadilishwe, shangazi yake aje badala ya baba.

Siku ya kuondoka, ukoo mzima ulikusanyika uani, na kila mtu alimwambia Speciose neno lilelile: "Umrudishe wifi yako." Hawakuwa na haja ya kumwambia. Alikuwa ameshazika mmoja wa nyumba ile.

Niyonsaba aliwaelekeza vizuri. Ndani ya meli hakuna haja ya hela mkononi, kadi ya kabini inalipa kila kitu. Hela na pasi zifungieni kwenye kisanduku cha chuma kilichomo kabatini, kile kinachofungwa kwa namba. Mkishuka bandarini, chukueni hela kidogo tu. Na mkitaka kutembea baharini, nendeni na boti za meli, kwa sababu hizo zikichelewa meli inazisubiri. Nyingine haizisubiri.

Waliitikia yote. Lakini Speciose na Avelina walikuwa watu wa barabara ya msitu wa Biharamulo. Miaka ile mabasi yalipita kwa msafara, polisi wenye bunduki mbele na nyuma, na kila mwanamke aliyesafiri alijua kanuni moja: hela hukaa mwilini, na kwenye begi huachwa kile ambacho jambazi hakitaki. Kwa hiyo asubuhi ile Speciose alijifunga kiunoni mkanda wa kitenge alioushona mwenyewe, wenye euro zote walizobadilisha kutoka kwenye hela ya kahawa. Vidonge vya presha vya Avelina vilibaki kwenye begi kabini. Hakuna jambazi anayetafuta vidonge.

Kisha gatini wakaona bei ya boti za meli, wakaguna. Mzee Manoli alikuwa kando na mashua yake ya mbao. Speciose alimwamkia, kwa maana alikuwa mzee, halafu akaanza kumpunguzisha bei kama anavyopunguzisha sokoni Rulenge, ambako asiyepunguzisha huonekana amedharau mwenye bidhaa. Alishusha mpaka nusu. Mzee alicheka, akakuna kichwa, akatoa dumu la njano ndani ya mashua na kuliacha gatini. Speciose aliliona likishushwa. Alidhani mzee anapunguza mzigo.

Sasa alimweleza Avelina habari ya dumu, akiangalia pembeni.

"Kumbe," Avelina alisema. "Nusu bei, nusu mafuta. Angalau ni mtu wa haki."

Mzee Manoli alielekeza kwa mkono mzima. Kulikuwa na ndoo, kulikuwa na kamba. Speciose aliifunga ndoo kwenye kamba na kuitupa mbele ya mashua. Ikajaa maji, ikavuta, na pua ya mashua ikageuka kuyakabili mawimbi badala ya kuyapa ubavu. Hata hivyo kila wimbi kubwa lilirusha maji ndani. Kulikuwa na kopo lililokatwa kwa kisu, na Speciose akaanza kukumba maji. Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga. Alipoinua macho, nyumba nyeupe zilikuwa zimekuwa kama punje za mchele.

"Tunakwenda wapi?" Avelina aliuliza.

Mzee alinyoosha kidole kusini.

"Kusini ni Afrika," Avelina alisema. "Basi tunarudi nyumbani."

Jua lilikuwa kali na upepo uliuficha ukali wake. Midomo ilipasuka. Chumvi iliingia chini ya ule mkanda wa kitenge na kuuchubua mwili wa Speciose mpaka akaufungua kwa uchungu.

"Hela imelowa?" Avelina aliuliza.

"Imelowa."

"Nunua maji basi."

"Kwa nani?"

"Ita samaki yeyote, umpunguzishe bei."

Speciose aliukunja mkanda na kuuweka chini ya kichwa cha wifi yake, ambaye alikuwa ameegemea ubao wa kiti kivulini mwa kitenge walichokitandaza. Kahawa ya misimu mitatu ikawa mto.

Maji ya kunywa yalikuwa chupa moja kubwa, na chupa ilikaa kwa Avelina kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa. Aliigawa kama kinywaji kinavyogawiwa kwao. Anayempa mwenzake huonja kwanza mbele ya macho yake, amwonyeshe kwamba ni salama, ndipo ampe. Kila walipokunywa, Avelina alifungua kifuniko, akainua chupa mdomoni, akaishusha, akampa mzee, kisha Speciose. Mzee Manoli alitazama jambo hilo kwa makini. Mara ya kwanza alishangaa. Baadaye alianza kuinamisha kichwa kidogo kabla ya kupokea.

Jua lilipoanza kuteremka Avelina alimwita Speciose kwa jina la Renatus.

"Renatus, funga mlango wa ng'ombe."

Speciose aliacha kukumba. Alimgusa shingo. Ilikuwa ya moto na kavu, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameloa jasho. Aliichukua chupa akaiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa zaidi ya alivyotarajia. Aliirudisha, akangoja, na chupa ilipofunguliwa tena hakuangalia mdomo wa Avelina. Aliangalia koo.

"Wifi, meza."

"Nimemeza."

"Koo halikusogea."

"Unachungulia koo la mkubwa wako?"

"Nachungulia. Toka mchana unalowesha midomo tu."

Avelina alifumba macho. Aliposema, akili ilikuwa imemrudia. "Huyu anatoka damu. Wewe ndiye unayekumba. Mimi nimekaa. Mtu aliyekaa anywe ya nini?"

"Nimemzika Renatus juzi. Udongo wake haujatulia. Ukifa humu, nitasimama pale uani niwaambie nini?"

"Waambie nilikuwa mkaidi. Wataamini."

"Avelina."

"Na usininunulie jeneza la huku. Watakuuzia bei ya nyumba."

Speciose alimsogezea chupa. Avelina alikaza meno na kugeuza uso. Speciose alimbembeleza, akamgombeza kwa Kihangaza, akamgombeza kwa Kisubi cha kwao ambacho Avelina sikuzote alikicheka. Meno hayakufunguka.

Ndipo Mzee Manoli alipojikokota kutoka kwenye usukani. Hakuwa ameelewa hata neno moja, lakini alikuwa na macho. Alichukua chupa kwa mkono wa kushoto. Aliiinua, akanywa funda moja dogo mbele ya Avelina, akameza kwa sauti ili asikike, akafuta mdomo wa chupa kwenye shati lake. Kisha akamnyooshea, ameinamisha kichwa.

Avelina alimtazama. Mashua ilikuwa ya mzee. Humo ndani yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Tangu azaliwe Avelina hakuwahi kukataa kinywaji ambacho mwenye nyumba amemwonjea, hata kwa watu asiowapenda.

"Mmenishika," alisema, na akanywa. Koo lilisogea. Likasogea tena.

Walimlowesha kitenge kwa maji ya bahari wakamfunika. Giza lilipoingia upepo ulipungua kidogo, na Speciose na mzee wakapokezana kopo. Kila alipopumzika, Speciose alimshika Avelina mkono, kidole kwenye mshipa, na kusikiliza. Mshipa ulikuwa unakimbia, kisha unasita, kisha unakimbia. Maji ya chupa yalikwisha. Hakujua kisiwa kiko upande gani na hakujali; dunia yake yote ilikuwa ule mshipa.

Kulipopambazuka bahari ilikuwa ya kijivu. Avelina alilala kimya, mdomo wazi.

"Shikamoo, wifi," Speciose alisema.

Hakuna jibu. Mzee Manoli alivua kofia.

"Vaa kofia," Speciose alimwambia kwa Kiswahili, na mzee akaivaa. Kisha akainama karibu kabisa na sikio. "Avelina. Nimekuamkia. Toka lini mkubwa anaamkiwa asiitikie? Kwenu mlifundishwa hivyo? Shikamoo."

Midomo iliyopasuka ilitikisika.

"Marahaba," Avelina alisema, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa.

Boti ya walinzi wa pwani iliwaona jua likiwa limeshapanda. Ilikuwa imewatafuta usiku kucha, maana Niyonsaba alikuwa amegonga kila mlango wa meli na kila mlango wa bandari. Mabaharia wawili walimwinua Avelina kwa machela. Mmoja alijaribu kuutenganisha mkono wake na wa Speciose ili wapite vizuri. Alijaribu mara moja tu, akaacha, wakapita kwa ubavu.

Gatini hapakuwa na meli. Palikuwa na Niyonsaba, amevaa suruali ya jikoni ya mirabaraba, mabegi yao miguuni. Mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na alikuwa analia kama yule mtoto aliyekuja mgongoni.

"Mama. Walisema meli haisubiri," alisema. "Nikawaambia, basi mimi nitasubiri."

"Na kazi?" Speciose aliuliza, akitembea kando ya machela.

"Ya kazi nitaongea nao. Shangazi anapumua?"

"Anapumua. Jibebe twende."

Zahanati ya kisiwa ilikuwa ndogo na safi. Daktari alimwekea Avelina dripu, akamshonea Mzee Manoli kiganja, na mke wa mzee akaja na sufuria ya supu ya samaki na maneno mengi ambayo bila shaka yalihusu dumu la njano. Nesi alimwonyesha Speciose kitanda cha pili, chenye shuka zilizonyooshwa. Alikataa kwa kichwa. Akaletewa kiti. Alikaa, mkono wa wifi yake ndani ya mkono wake, kidole palepale kwenye mshipa, ambao sasa ulikuwa unatembea tu, taratibu, kama mtu anayetoka shambani bila haraka. Niyonsaba alilala sakafuni, kichwa juu ya begi.

Alasiri Avelina alifungua macho. Aliangalia dari, akaiangalia chupa iliyoning'inia, akaangalia kiti.

"Speciose."

"Naam, wifi."

"Niachie mkono. Pua inaniwasha."

"Tumia wa pili."

"Wa pili una sindano."

Speciose alinyoosha mkono wake mwingine, akamkuna pua, polepole, upande huu na upande ule, mpaka Avelina akasema imetosha. Hakumwachia.