Barua za Kikasha Kilichofungwa

Barua ya kwanza iliingia Jumanne, saa nne na dakika saba asubuhi, ikiwa imeandikiwa mwanamke aliyezikwa miezi minne iliyopita. Fundi aliiona ikipita kwenye kompyuta yake, akaiacha ipite, akaendelea kunywa chai iliyokwisha kupoa.

Mwanamke huyo alikuwa mkewe. Walifanya kazi pamoja katika kiwanda cha kuchapa vitabu, mke mapokezi, mume kwenye chumba kisicho na dirisha, na seva ya barua pepe ikivuma kutwa kucha. Mke alipofariki, meneja aliagiza kikasha chake cha barua pepe kifungwe. Fundi akakifunga, maana agizo ni agizo. Ila hakuweza kuvumilia kwamba mtu akimwandikia mkewe, seva itamjibu kuwa hayupo. Basi akaiwekea seva kanuni mpya: barua yoyote inayoandikiwa mtu asiyejulikana ipokelewe, iwekwe kando, na aliyeileta ajibiwe papo hapo mlangoni, "Imepokelewa. Karibu."

Mafundi wenzake wangemcheka mpaka wajishike mbavu. Seva inayopokea kila kitu ni nyumba isiyo na mlango. Lakini hakumwambia mtu, na tangu mazishi hakuwa akiona haya, wala uchungu, wala njaa. Moyo ulikuwa umeingia ganzi kama mguu uliokaliwa.

Barua ile haikuwa na neno ndani. Mtumaji alikuwa binti yao wa miaka tisa, waliyembandika jina la Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfungulia anwani, ili akitoka shule amwandikie mama yake kazini. Akadhani mtoto amemkumbuka mama. Jambo kama hilo lilipaswa kumuuma. Akalisubiri limuume, halikumuuma.

Jioni akamuuliza.

"Mimi?" Chiriku akaweka kijiko chini. "Baba, hata neno la siri nimelisahau. Halafu saa nne tulikuwa kwenye hesabu. Mwalimu alinisimamisha kwa kuongea."

"Ulikuwa unaongea nini?"

"Kila kitu."

Fundi akatabasamu kwa midomo tu. Sauti ya mtoto huyu ndiyo pekee iliyobaki katika nyumba ile. Siku itakaponyamaza, alijua, na yeye atakuwa hana tofauti na aliyezikwa.

Kesho yake barua zikaja tatu, keshokutwa tisa, zote tupu, zote mtumaji akiwa Chiriku. Alipotafuta zilikotokea, mahali pa kuandikwa chanzo palikuwa peupe. Chumba cha seva kikaanza kunuka udongo mbichi. Fundi akasogeza kabati, akakagua dari, hakuona hata tone la maji.

Siku ya tano, mama msafishaji alitoka humo chumbani kinyumenyume, ndoo mkononi.

"Fundi," akanong'ona, "kuna mtu humu?"

"Hakuna."

"Basi nani kaniambia karibu?"

Fundi akampita mlangoni. Akaingia peke yake, akafunga mlango. Saa saba mchana, taa zote zinawaka, lakini feni ya seva ilikuwa imeacha kuvuma, sasa inavuta pumzi na kuishusha, inavuta na kuishusha, taratibu kama mtu aliyelala chumba cha pili, na harufu ya udongo ilipanda kutoka sakafuni ikamjaa puani na mdomoni mpaka akahisi chembechembe kwenye meno, na kwenye kompyuta barua mpya ikajifungua yenyewe bila yeye kugusa kitu, na safari hii ilikuwa na maneno: "Nimekaribishwa mara arobaini. Mbona sipewi mahali pa kukaa?"

Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, mganga, aliyeshinda akishona vifungo nyuma ya duka la nguo na kutoa watu majini kati ya shati na shati.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Nani kamkaribisha huyo mgeni?"

Fundi hakuwa amesema lolote bado. Akamweleza yote: kikasha, kanuni, lile jibu la karibu. Shangazi akamsikiliza, uzi mdomoni.

"Hilo ni jini, si mkeo. Mkeo amepumzika," akasema kwa sauti ya chini. "Huyo alikuwa anapita zake, wewe ukamwita. Sasa nenda ufunge. Lakini usimrudishe, umenielewa? Mtupe tu, kimya kimya."

"Kwa nini nisimrudishe?"

"Kurudisha ni kujibu. Umeshamjibu vya kutosha."

Alirudi kiwandani, akaifungua kanuni. Kwa barua ya kwenda kwa asiyejulikana, seva ilimpa njia tatu: ipokee, itupe, irudishe. Akapeleka kidole kwenye itupe, kidole kikagoma. Kila barua ilikuwa na jina la mkewe juu. Alimzika bila chozi, lakini kumtupa kama takataka hakuweza. Tena katika kazi yake, kumeza barua ya mtu bila kumwambia ni utovu wa adabu. Akachagua irudishe. Akaandika na jibu: "Hakuna mtu wa jina hili hapa." Kisha akaamuru na zile arobaini na moja zilizokwisha kuingia zirudi zote kwa mtumaji.

Feni ikaanza kuvuma kama zamani. Harufu ikakatika. Mama msafishaji akachungulia, akashusha pumzi, akaingia na ufagio.

Fundi alifika nyumbani saa kumi na moja. Tangu getini alishangaa kutosikia kitu. Akafungua mlango, na udongo mbichi ukampiga puani.

Chiriku alikuwa amekaa mezani na sare ya shule, mikono mapajani. Mbele yake kompyuta ya mkononi ilikuwa wazi, na barua arobaini na moja zilikuwa zimeingia kwenye kikasha chake, kile alichosahau neno lake la siri, zote zimekwisha kusomwa.

Kila mwaka Fundi aliwafundisha wafanyakazi somo moja: jina la mtumaji lisikudanganye, mgeni anaweza kujitajia jina lolote mlangoni. Na seva ikiambiwa irudishe, haimjibu aliye mlangoni kama ilivyojibu karibu, wala haitafuti aliyetuma. Inapeleka kwenye jina lililoandikwa.

"Chiriku," akaita.

Mtoto hakugeuka.

"Chiriku, mwanangu. Ni mimi, baba."

Akageuka polepole, akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba.

"Hakuna mtu wa jina hili hapa," akasema.

Ganzi ya miezi minne ikamtoka Fundi yote kwa mara moja, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.