Nakala ya Jumatatu

Fundi wa kompyuta alirudi nyumbani mchana akakuta mswaki wake umelowa. Hakuuliza. Tangu Jumanne mkewe alikuwa amemnunia, na kwa haki kabisa.

Mke huyo ndiye aliyetunza kumbukumbu za hospitali, kwa programu aliyoiandika mumewe. Mara ngapi alimsihi, "Mume wangu, ifanye ijinakili yenyewe kabla hujaiwekea toleo jipya. Sisi tunasahau."

"Programu haigusi faili bila kuamrishwa," fundi alijibu kwa nyodo zake. "Kunakili ni kazi yenu. Mimi si yaya."

Jumanne akaweka toleo jipya bila hata kuuliza kama kuna aliyenakili. Faili zote zikafutika, na humo ndimo ilimokuwa picha pekee ya binti yao, aliyezaliwa akaishi saa tisa tu. Mkewe alipolia, mwanamume yule, Mungu amsamehe, akamwambia, "Si ungenakili."

Sasa akasikia harufu ya nywele zilizoungua. Jikoni mkewe alikuwa anacheka, na aliyemchekesha alikuwa na sauti ya fundi, na kikohozi cha fundi, na ule utani wake wa kipuuzi wa kuiita sufuria shemeji, basi fundi akanyata, akachungulia, akauona mgongo wake mwenyewe, umevaa shati lake la Jumatatu, lile ambalo dirishani aliliona bado linachuruzika maji kwenye kamba uani.

Alitoka mbio kumtafuta mganga.

Mganga alipofika nyumbani aliwaketisha wote wawili mkekani, akawanusa mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

"Huyu wa kushoto ni jini," akamwambia mke kwa sauti ya chini. "Amevaa umbo la mumeo alivyokuwa Jumatatu. Lakini umemkaribisha na umemlisha, mama. Siwezi kumtoa usiponiambia. Nimtoe?"

Jini likatoa simu mfukoni taratibu, likaiweka kiganjani mwa mke. Kwenye kioo alikuwamo mtoto mchanga, macho kayafumba, utepe wa hospitali mkononi.

Fundi alimsogelea. "Mke wangu," akanong'ona, "mimi ndiye. Ni mimi."

"Najua."

"Basi mwambie alitoe!"

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye ile picha. Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa shavu la mtoto.

"Huyu alinakili," akasema, kisha akamwonyesha fundi mlango.

Mganga alikunja mkeka wake. Fundi alijikuta nje, juani, funguo zake zimebaki mezani. Ndani akaisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kwa upole kama mlango umefungwa vizuri, na mkewe akijibu, "Ndiyo, mume wangu."