Sahihi Mbili za Toleo 4.9.1

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha dirisha. Ya pili ilipita karibu na sikio la Msumari kiasi cha kulifanya livume.

Ya tatu hakuisubiri.

Aliruka ngazi, akatua mgongoni mwa mtu aliyekuwa akikimbia, na wote wawili wakabiringika hadi kwenye sakafu ya saruji. Mtu yule alikuwa na begi la kompyuta begani na bastola mkononi. Alijaribu kuigeuza. Msumari akamkamata kiwiko, akakivunja, akambandika mdomo wa bastola yake ya Glock chini ya kidevu na kufyatua.

Mtu yule akalegea.

"Dada," Msumari alisema kwenye redio yake ya Motorola huku akihema. "Mtaalamu wao wa kompyuta amekwenda na maji."

"Nilikwambia namtaka mzima!" ilijibu sauti ya Dada wa Mitambo, mwanamke aliyekaa makao makuu na kuiongoza kila kazi ya Msumari kwa ulimi usio na breki.

"Yeye hakunitaka mzima."

"Una majibu wewe! Haya, wale wanandoa waliotekwa wako ghorofa ya juu. Dalali yuko nao. Saa sita mchana inakaribia. Panda."

Msumari akapanda.

Jengo lilikuwa kiwanda cha magodoro kilichofungwa, na bado kilinuka gundi; marundo ya magodoro yalimeza milio ya risasi isifike juu. Asubuhi ile, mke na mume wa makamo walikuwa wametekwa nyumbani kwao wakinywa chai. Hawakuwa matajiri wala wanasiasa. Walikuwa watunzaji wa programu ya bure, ambayo yeyote anaweza kuichukua, kuisoma na kuirekebisha. Programu hiyo ndiyo iliyofungua na kufunga milango ya mabwawa makubwa. Kila walipotoa toleo jipya lenye marekebisho madogo, mitambo ya mabwawa ililichukua yenyewe saa sita mchana bila kumuuliza mtu.

Dalali, muuza silaha asiye na nchi, alikuwa na toleo lake lenye sumu. Likiingia, milango yote inafunguka kwa pamoja. Chini ya bwawa kubwa kuliko yote kulikuwa na bonde lenye masoko, shule na watu wasio na habari. Kuna mtu aliyelitaka bonde lile bila watu wake, akamlipa Dalali ili ionekane ni ajali.

Kwa nini Dalali aliwateka wote wawili? Kwa sababu ya kanuni yao wenyewe. Hakuna toleo linalotoka bila sahihi mbili, ya mke na ya mume, kila mmoja kwa ufunguo wake wa siri. Waliiweka kanuni hiyo ili mmoja akinunuliwa, mwingine asimame. Hawakufikiria siku ambayo wote wangewekewa bastola kichwani.

Msumari alijibanza nyuma ya rundo la magodoro, akabandika kinasa sauti kidogo kwenye ukuta wa vyumba viwili vilivyopakana. Sauti ikamfikia sikioni safi.

"Mama, mtaalamu wangu haonekani," alisema Dalali. "Namba ya toleo tutaipanga wenyewe. Toleo kubwa kuliko yote ni lipi?"

"Yote yapo hapo kwenye skrini. Soma," mke alijibu.

"Nne nukta nane. Nne nukta tisa. Nne nukta moja sifuri." Dalali akacheka. "Miaka yote hii napima kwenye mizani dhahabu ninayolipwa. Gramu nne nukta tisa na gramu nne nukta moja sifuri, ipi nzito? Sifuri ya mwisho haina kazi. Kubwa ni nne nukta tisa. Na mtaalamu wangu amenifundisha, ukitaka mitambo ichukue bila maswali, ongeza kijinamba mwishoni. Andika nne nukta tisa nukta moja."

"Una uhakika unataka hiyo?"

"Nimekuomba ushauri? Mumeo yuko chumba cha pili. Likikwama jambo lolote, anaanza yeye."

Mke alisogeza kiti mezani.

"Sawa," akasema, na vibonye vikasikika.

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Sasa Dalali alikuwa na mume.

"Mkeo ameshatia sahihi. Zamu yako."

"Nne nukta tisa nukta moja?" mume aliuliza taratibu. "Ameisoma namba hii, akatia sahihi?"

"Ameisoma. Ukifanya ujanja, yeye ndiye atakayelipa."

Mume naye alisogeza kiti.

"Lete ufunguo wangu," mume akasema.

Msumari hakungoja zaidi. Alitoka mafichoni mbio, na hapo ndipo pande la mtu lilipomzukia ubavuni. Mlinzi. Panga la kukatia sponji likashuka. Msumari alijikinga kwa godoro, panga likanasa, akampiga mlinzi kichwa cha pua. Mlinzi hakuyumba. Alimbeba Msumari mzimamzima na kumbamiza ukutani, kisha akamkaba koo kwa mikono miwili. Macho ya Msumari yakaanza kuona giza. Alipapasa chini, akakuta pipa la gundi, akachota konzi nzima na kumpaka mlinzi machoni.

Mlinzi alipiga yowe. Msumari akalichomoa panga kwenye godoro na kumzamishia shingoni.

"Msumari!" Dada wa Mitambo alipaza sauti redioni. "Toleo limetoka! Lina sahihi zote mbili! Umechelewa!"

Katika kazi zake zote Msumari hakuwahi kuogopa namna ile. Hakuwa na bunduki ya kuzuia maji.

"Saa ngapi?"

"Ndiyo sita hii. Mabwawa yanaangalia sasa hivi. Ee Mungu wangu..." Vibonye vyake vikasikika redioni. "Subiri. Mbona hayalichukui?"

"Sema, Dada."

"Limeitwa nne nukta tisa nukta moja! Mabwawa yote yalihamia nne nukta kumi mwezi uliopita. Kwenye matoleo nukta si ya mizani, Msumari. Baada ya tisa inakuja kumi, kama watoto wanavyohesabu. Mitambo imeliona ni la zamani, ikaliacha!"

"Milango ya bwawa?"

"Imefungwa. Asiyejua maana haambiwi maana!"

Lakini Dalali naye alikuwa akitazama picha za bwawa kwenye skrini, na aliona bwawa limetulia. Ukelele wake ulisikika bila kinasa sauti. Ukafuata mlio wa bastola na kilio cha mwanamume.

"Hilo ni goti!" Dalali alinguruma. Alikuwa amemburuta mke na kumleta chumba alimofungwa mume. "Mwanamke, andika namba ya kweli, au risasi inayofuata naiweka kichwani!"

Msumari aliingia pamoja na mlango.

Dalali aligeuka na kufyatua. Risasi ikalichana bega la Msumari. Msumari akajibu mara mbili, kifuani. Dalali alikwenda chini na kiti, akajaribu kuiinua tena bastola, na Msumari akammalizia ya tatu kwenye paji la uso.

Moshi ukatanda. Mke alikwishapiga magoti, amevua mtandio na kuukandamiza kwenye goti la mumewe.

"Mama Mapacha," mume alisema kwa meno yaliyoumana. "Namba ile. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulijua wakigundua watanifanya nini."

Machozi yalimbubujika mke. "Nilijua, Baba Mapacha. Niliwafikiria watu wa bondeni, nikaandika. Nisamehe."

Mume alifumba macho.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Nilitia sahihi nikijua watakuua wewe."

Mke alimtazama, mkono ukiwa bado juu ya damu. Kisha akaukandamiza mtandio kwa nguvu kuliko jeraha lilivyohitaji. Mume akapiga kelele. Mke akamlaza kichwa kifuani pake, akawa analia na kumtukana kwa sauti moja.

Msumari alikuwa ameua watu watatu kabla ya chakula cha mchana, na hakuna kilichomtikisa kama wale wawili. Alirudisha Glock kiunoni, akauegemeza mlango uliovunjika pale ulipokuwa, na kushuka ngazi.

"Gari la wagonjwa linakuja," alisema Dada wa Mitambo. "Wale watu wako hai?"

"Wako hai."

"Wanafanya nini?"

Msumari alitoka nje kwenye jua, akifuta gundi vidoleni.

"Wanagombana," akasema. "Mwambie daktari asiwatenganishe."